Utando katika Nafasi Kuu: Nadharia ya Mielekeo ya Ziada ya Ulimwengu na Mtihani wa Istilahi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua nadharia ya tando, yaani fikra kwamba ulimwengu unaoonekana ni utando uliomo ndani ya nafasi kubwa zaidi isiyoonekana, pamoja na athari za fikra hiyo katika historia ya kutanuka kwa ulimwengu. Sambamba na ufafanuzi huo, istilahi tatu za Kiswahili zinachunguzwa: mwelekeo huru, utando na nafasi kuu. Hoja inayotetewa ni kwamba istilahi ya sayansi haipimwi kwa asili yake wala kwa utamu wake masikioni. Hupimwa kwa mahitimisho ambayo msomaji anaweza kuyatoa kutokana nayo bila kupotoka.

1.0 Utangulizi

Busi ni kata ya Wilaya ya Kondoa, Mkoa wa Dodoma, katika nchi ya Warangi. Mtoto anayekulia huko kwa kawaida hukutana na lugha tatu katika safari yake ya kuelewa ulimwengu. Nyumbani husikia Kirangi. Katika shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili. Na afikapo sekondari, fizikia hufundishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo maswali makubwa kuhusu ulimwengu, kama vile ulianzaje, ni mkubwa kiasi gani, na unatanuka kuelekea wapi, humfikia wakati ambapo lugha aliyojifunzia kuhesabu imekwisha kuwekwa kando. Akishindwa kuyaelewa, si rahisi kujua kama kilichomshinda ni fizikia au ni lugha.

Hoja kwamba maswali hayo ni ya mbali mno na Afrika Mashariki haina msingi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Uchunguzi wake ulichangia pakubwa hoja kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2002. Hali kadhalika, Neil Turok, mmoja wa wanafizikia wanne waliotoa mwaka 2001 nadharia ya kugongana kwa tando inayojadiliwa katika sehemu ya 6.4, aliishi utotoni Kenya na Tanzania. Wazazi wake walikuwa wamekimbia utawala wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, na familia ilihamia London baadaye. Mwaka 2003 Turok alianzisha Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati huko Muizenberg, karibu na Cape Town. Aidha, mwaka 2018 Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi ilifunguliwa Kigali kwa ushirikiano na kituo cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, kilichoasisiwa na Abdus Salam mwaka 1964.

Ardhi, watu na taasisi za eneo hili, basi, vimo katika historia ya taaluma hii. Lugha ya eneo hili imo kwa kiasi cha jina la setilaiti tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba zaidi ya jina, kwa sharti kwamba maneno yake yachaguliwe kwa kufuata mantiki ya nadharia yenyewe.

2.0 Mwelekeo Huru: Istilahi ya Kwanza

Nadharia nzima imejengwa juu ya dhana moja ambayo Kiswahili kimeipa majina mengi. Nafasi ya kawaida husemwa kuwa ina "vipimo vitatu", "pande tatu" au "dimensioni tatu". Kila jina kati ya haya lina hitilafu yake.

Neno kipimo humpeleka msomaji kwenye mita, kilo na kibaba. Akiambiwa kwamba huenda ulimwengu una kipimo cha nne, atauliza kinapima nini. Neno upande nalo humpeleka kwenye nyuso: sanduku lina pande sita, wala si tatu, na anayehesabu pande za sanduku hajakosea hata kidogo. Dimensioni halipotoshi, lakini halifundishi kitu pia. Ni mlango uliofungwa kwa mtu asiyekuwa na ufunguo wa lugha lilikotoka.

Kinachosemwa na hisabati ni hiki. Mtu aliyesimama uwanjani anaweza kuelekea kokote, kwa maana hiyo mielekeo yake haina idadi. Hata hivyo, kila mwendo wake unaweza kuelezwa kwa kuunganisha miendo mitatu tu: mbele au nyuma, kulia au kushoto, juu au chini. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo mitatu unaoweza kupatikana kwa kuunganisha miwili mingine. Hiyo ndiyo maana ya kuwa huru. Kwa mintarafu hiyo, istilahi mwelekeo huru inafaa zaidi. Msomaji akiambiwa kuna mwelekeo huru wa nne, anaweza kuhitimisha mwenyewe kwamba ni mwendo usiopatikana kwa kuunganisha mbele, kulia na juu kwa namna yoyote ile. Hitimisho hilo ni sahihi, na amelipata kutokana na neno lenyewe. Katika sehemu zinazofuata, neno mielekeo likitumika peke yake pamoja na idadi, maana yake ni mielekeo huru.

3.0 Michoro ya Kondoa kama Kielelezo

Ugumu mkubwa wa nadharia hii ni kwamba hakuna awezaye kuuona wala kuuwaza kwa picha mwelekeo huru wa nne. Njia iliyozoeleka ni kuteremka daraja moja, yaani kuwaza viumbe wenye mielekeo miwili tu, kisha kuuliza wangejuaje habari za wa tatu. Kwa msomaji wa Kondoa kielelezo hicho hakihitaji kubuniwa. Kiko juu ya miamba ya Kolo na maeneo ya jirani, ambako makazi ya miamba zaidi ya 150 yana michoro ya kale ya watu na wanyama. Michoro hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006.

Ichukuliwe kwamba twiga aliyechorwa kwa rangi nyekundu juu ya mwamba ana akili. Anajua kwenda juu na chini ya mwamba, na kulia na kushoto kwake. Hajui kutoka kwenye mwamba kuja mbele, mahali aliposimama mgeni anayemtazama. Rangi yake imeshikamana na jiwe. Ikiwa pia nuru yake husafiri juu ya uso wa jiwe peke yake, basi kidole cha mgeni kinaweza kuwa umbali wa nywele moja kutoka kwake naye asikione. Kukosa kukiona hakutokani na umbali, bali na kukosa mwelekeo wa kutazamia.

Sasa na ichukuliwe kwamba mwamba umegongwa. Sauti haishikamani na uso wa jiwe kama rangi inavyoshikamana. Sehemu yake husafiri mwambani na sehemu nyingine huenda hewani. Twiga mwenye kupima sauti kwenye mwamba peke yake ataikuta dhaifu kuliko alivyotarajia. Akiwa mwerevu, atashuku kwamba kuna mahali pengine inakokwenda. Udhaifu wa sauti ndio utakaokuwa habari yake ya kwanza kuhusu hewa.

Katika nadharia ya tando, maada na nuru ni kama rangi ya mchoro: vimeshikamana na utando. Graviti ni kama sauti: inao uwezo wa kwenda kwenye utando na nje yake. Kielelezo hiki kina mpaka wake. Nyuma ya rangi kuna jiwe linaloibeba, ilhali utando wa nadharia haukupakwa juu ya kitu chochote. Wenyewe ndio mahali.

4.0 Chimbuko la Nadharia

Fikra ya mwelekeo huru wa ziada ilitangulia tando kwa miongo mingi. Mwaka 1921 Theodor Kaluza alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba milinganyo ya graviti ya Einstein ikiandikwa katika mielekeo mitano, wakati ukiwa mmojawapo, milinganyo ya sumaku-umeme hujitokeza humo. Mwaka 1926 Oskar Klein alieleza kwa nini mwelekeo wa tano hauonekani: umejikunja kama duara dogo mno. Ukamba ukitazamwa kutoka kilima cha pili huonekana kuwa mstari tu, lakini sisimizi aliye juu yake anajua kwamba unaweza kuzungukwa.

Hatua ya pili ilikuwa kuuliza kama mwelekeo wa ziada ungeweza kuwa mkubwa, lakini maada ikawa imefungiwa isiingie humo. Valery Rubakov na Mikhail Shaposhnikov walilieleza wazo hilo mwaka 1983. Mwaka 1995 Joseph Polchinski alionyesha kwamba katika nadharia ya nyuzi kuna vitu ambavyo ncha za nyuzi huweza kushikamana navyo. Vitu hivyo ndivyo tando za aina ya D. Tangu hapo utando haukuwa tena dhana ya kusaidia hesabu tu, bali kitu chenye nishati, mkazo na mwendo wake.

Mwaka 1998 Nima Arkani-Hamed, Savas Dimopoulos na Gia Dvali walipendekeza kwamba udhaifu wa graviti unatokana na kuenea kwake katika mielekeo ya ziada iliyo mikubwa kuliko ilivyodhaniwa. Udhaifu wenyewe si mdogo: kati ya protoni mbili, graviti ni dhaifu kuliko kani ya umeme kwa takriban mara 10 kwa kipeo cha 36. Kama mielekeo ya ziada ingekuwa miwili, ukubwa wake ungeweza kukaribia milimita moja, jambo lililowashangaza wengi kwa kuwa milimita huonekana kwa macho. Mwaka 1999 Lisa Randall na Raman Sundrum walitoa njia nyingine. Kwao, nafasi nje ya utando imepinda sana, na kupinda huko huizuia graviti isiende mbali na utando hata kama mwelekeo wa ziada hauna mwisho.

5.0 Utando na Nafasi Kuu: Istilahi Mbili za Mwisho

Istilahi ya kigeni ya kitu hiki ilipatikana kwa kukata mwanzo wa neno ambalo wanabiolojia hulitumia kwa ngozi laini inayozunguka seli. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoka mwaka 1990, yaani kabla ya kazi ya Polchinski, na kwa hiyo haingeweza kuitarajia dhana hii. Mtafsiri ana njia mbili: kutohoa na kupata "breni", au kulitumia neno utando lililokwisha kuzoeleka katika biolojia.

Utando lina nasaba njema. Linatokana na kitenzi tanda, kilichozaa pia tandika, tandaza na mtandao. Mawingu hutanda, maziwa yakipoa hutanda juu yake ngozi nyembamba, na buibui huacha utando wake penye kona. Katika matumizi hayo yote kuna kitu kilichoenea katika mielekeo fulani huku kikiwa hakina kina katika mwelekeo mwingine. Hiyo ndiyo maana hasa inayotakiwa. Msomaji anaweza pia kuhitimisha, kwa usahihi, kwamba utando huvutika, hupinda, hutikisika, na kwamba tando mbili zaweza kugusana.

Hata hivyo, yapo mahitimisho matatu ya kupotosha ambayo mwalimu hana budi kuyakanya mapema. La kwanza ni kwamba utando lazima uwe mwembamba kama ngozi ya maziwa, wenye mielekeo miwili. Utando wa nadharia unaweza kuwa na mielekeo mitatu, na wembamba wake ni katika ule wa nne tu. La pili ni kwamba utando hufunika kitu, ilhali huu haufuniki chochote. La tatu ni kwamba utando ni dhaifu, kama ule wa buibui. Utando wa nadharia una mkazo mkubwa mno, na ukubwa wa mkazo huo, kama itakavyoonekana, ndio unaoamua historia ya ulimwengu.

Nafasi yote ambamo tando zimo imeitwa kwa lugha za kigeni kwa neno lenye maana ya wingi au ukubwa wa shehena. Kulitafsiri neno kwa neno kungezaa "wingi", na msomaji angeuliza wingi wa nini. Istilahi nafasi kuu inafaa zaidi, kwa kuwa inaeleza uhusiano wenyewe: utando ni nafasi iliyomo ndani ya nafasi nyingine iliyo kuu kuliko yenyewe. Neno anga halikuchaguliwa, kwa sababu humfanya msomaji atazame juu, ilhali nafasi kuu haiko juu wala chini.

6.0 Athari za Tando katika Kosmolojia

6.1 Kasi ya kutanuka

Katika kosmolojia ya kawaida, mraba wa kasi ya kutanuka kwa ulimwengu hulingana na msongamano wa nishati iliyomo. Msongamano ukiwa mkubwa mara 4, kasi huwa kubwa mara 2. Pierre Binétruy, Cédric Deffayet na David Langlois walionyesha, katika kazi iliyoanza kusambaa mwaka 1999, kwamba utando ndani ya nafasi ya mielekeo mitano haulazimiki kufuata kanuni hiyo. Kwa utando, kasi yenyewe, na si mraba wake, inaweza kulingana na msongamano. Msongamano ukiwa mkubwa mara 4, kasi nayo huwa kubwa mara 4.

Katika mfano wa Randall na Sundrum kanuni zote mbili zimo, na mkazo wa utando ndio mwamuzi kati yake. Msongamano wa nishati ukiwa mdogo sana kuliko mkazo, kanuni ya kawaida hutawala, na hiyo ndiyo hali ya leo. Msongamano ukiuzidi mkazo, kanuni ya utando hushika hatamu. Kwa kuwa ulimwengu wa kale ulikuwa na msongamano mkubwa kadiri mtu anavyorudi nyuma, kila mfano wa namna hii una kipindi cha mwanzo ambamo ulimwengu ulikuwa na mwenendo mwingine.

Tofauti hiyo yaweza kuonyeshwa kwa hesabu ndogo. Ulimwengu uliojaa mnururisho, kwa kanuni ya kawaida, hukua kwa kipeo cha nusu cha wakati: umri ukizidi mara 16, umbali kati ya vitu huzidi mara 4. Kwa kanuni ya utando hukua kwa kipeo cha robo: umri ukizidi mara 16, umbali huzidi mara 2 tu. Kwa hiyo, katika kipindi hicho, ulimwengu wa utando ulipofikia joto fulani ulikuwa unatanuka na kupoa kwa kasi zaidi kuliko ulimwengu wa kawaida wenye joto lilelile.

Jambo hili lina shahidi, nalo ni heli. Sekunde chache baada ya mwanzo, uwiano kati ya neutroni na protoni ulitegemea mashindano kati ya mabadiliko ya chembe hizo na kasi ya kutanuka. Kutanuka kukiwa kwa kasi zaidi, neutroni nyingi zaidi hubaki, na baada ya dakika chache karibu zote huishia ndani ya viini vya heli. Vipimo vya gesi ya kale angani huonyesha kwamba heli ni takriban robo ya uzito wa maada ya kawaida, sawa na inavyotabiriwa na kanuni ya kawaida. Kwa hiyo kipindi cha utando, kama kilikuwapo, kilipaswa kwisha kabla ya viini hivyo kuanza kuundwa, na mkazo wa utando hauwezi kuwa mdogo. Jambo la dakika chache za mwanzo linawekea mpaka nafasi isiyoonekana kamwe.

6.2 Mnururisho wa giza

Athari ya pili hutoka nje ya utando. Graviti ya nafasi kuu huacha alama juu ya utando, na alama hiyo hupungua kwa kutanuka kwa namna ileile ambayo mnururisho hupungua. Imeitwa mnururisho wa giza, ingawa hakuna nuru wala chembe yoyote juu ya utando inayousababisha. Sifa yake ya pekee ni kwamba inaweza kuwa chanya au hasi. Hapa pia kiasi cha heli, pamoja na vipimo vya mnururisho wa mandharinyuma ya ulimwengu, huruhusu sehemu ndogo tu.

6.3 Graviti inayovuja

Mwaka 2000 Gia Dvali, Gregory Gabadadze na Massimo Porrati walitoa mfano wenye tabia ya kinyume. Katika mfano huo graviti hufuata kanuni ya kawaida katika umbali mfupi, na huvuja kwenda nafasi kuu katika umbali mrefu. Mwenyeji wa nyanda za kati ana picha yake tayari. Maji ya mvua huteremka korongoni yakionekana, lakini kadiri yanavyokwenda mbali hunywewa na mchanga, hata atakayeyataka baadaye hana budi kuchimba. Aliye karibu na kilima huona mto, aliye mbali huona mchanga.

Mfano huu ulivuta macho kwa sababu mwaka 1998 makundi mawili ya wanaastronomia, yakipima nyota zilizolipuka, yaligundua kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunaongezeka kasi. Deffayet alionyesha kwamba graviti inayovuja inaweza kuleta ongezeko hilo bila ya kuhitaji nishati ya giza. Tumaini hilo halikudumu. Ilionekana kwamba suluhisho hilo lina kasoro ya ndani inayolifanya lisiwe thabiti, na kufikia mwisho wa muongo uliofuata vipimo vya kutanuka na vya kukua kwa makundi ya galaksi vilikuwa vimelikataa katika umbo lake la awali.

6.4 Tando zinazogongana

Athari ya nne inahusu mwanzo wenyewe. Mwaka 2001 Justin Khoury, Burt Ovrut, Paul Steinhardt na Neil Turok walipendekeza kwamba joto la mlipuko mkuu lilitokana na kugongana kwa tando mbili zilizokuwa zikisogeleana katika mwelekeo wa ziada. Kwa kuwa tando hutikisika, hazikugusana kila mahali kwa wakati mmoja. Palipotangulia palianza kupoa mapema, na tofauti hizo ndogo zikawa mbegu za galaksi. Mwaka 2002 Steinhardt na Turok waliipanua fikra hiyo ikawa mzunguko wa migongano isiyo na wa kwanza.

Nadharia hii inashindana na ile ya mfumuko, isemayo kwamba ulimwengu mchanga ulitanuka ghafla kwa kiasi kikubwa mno. Zinatofautiana katika jambo linaloweza kupimwa. Mifano mingi ya mfumuko hutabiri mawimbi ya graviti ya kale yenye kuacha alama katika mnururisho wa mandharinyuma. Mgongano wa tando hautabiri alama hiyo kwa kiasi cha kuonekana. Alama haijapatikana. Hata hivyo, kutopatikana kwake si ushindi wa tando, kwa kuwa iko mifano ya mfumuko ambayo nayo hutabiri alama ndogo mno.

7.0 Ushahidi wa Maabara na wa Angani

Mbali na heli, nadharia hii imejaribiwa kwa njia nyingine tatu. Ya kwanza ni ya mezani. Katika mielekeo mitatu, umbali ukizidi mara 2 graviti hubaki robo. Katika mielekeo minne hubaki thumuni. Kwa hiyo, kama kuna mwelekeo wa ziada wenye ukubwa fulani, vitu vilivyokaribiana chini ya ukubwa huo vinapaswa kuvutana kwa kanuni nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, wamepima mvutano huo kwa mizani ya msokoto, na katika matokeo ya mwaka 2020 kanuni ya kawaida ilisimama hadi umbali wa maikromita 52, chini ya unene wa nywele nyingi. Milimita ya mwaka 1998 imekwisha kufungwa.

Njia ya pili ni kugonganisha protoni katika mtambo mkubwa wa CERN karibu na Geneva, na kutafuta nishati inayotoweka kuelekea nafasi kuu. Hadi sasa upungufu usioelezeka haujapatikana.

Njia ya tatu ni mawimbi ya graviti. Tarehe 17 Agosti 2017 vyombo vya Marekani na Italia vilipokea mawimbi ya nyota mbili za neutroni zilizogongana umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 130, na sekunde 1.7 baadaye miali ya gama ilifika. Kwa kuwa galaksi yake ilitambuliwa, umbali ulijulikana kwa njia ya nuru na kwa njia ya graviti. Kama graviti ingekuwa imevuja njiani, mawimbi yangefika yakiwa dhaifu na nyota zingeonekana kuwa mbali zaidi kwa graviti kuliko kwa nuru. Umbali ulilingana. Twiga wa mwambani amepima sauti kwa uangalifu, na kwa safari hiyo hakukuta pengo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba nadharia ya tando ina athari mahususi katika kosmolojia: hubadili kasi ya kutanuka ya mwanzo, huleta mnururisho wa giza, huweza kuifanya graviti ivuje katika umbali mrefu, na hutoa maelezo mengine ya mlipuko mkuu. Imeonyeshwa pia kwamba kila athari ama imewekewa mpaka na vipimo, ama imekataliwa katika umbo moja, ama inangoja ushahidi. Nadharia yenyewe haijathibitishwa, na ni sharti ifundishwe kama nadharia tete. Thamani yake kubwa mpaka sasa ni kwamba imefundisha kuuliza swali ambalo zamani lilionekana kuwa la kifalsafa tu, yaani ulimwengu una mielekeo mingapi, kwa namna ambayo mizani, heli na mawimbi vinaweza kulijibu.

Kwa upande wa lugha, inapendekezwa kwamba mwelekeo huru, utando na nafasi kuu zifikiriwe na Baraza la Kiswahili la Taifa pamoja na vyombo vingine vya usanifishaji. Aidha, kila istilahi iorodheshwe pamoja na mahitimisho inayoyaruhusu na yale inayoyakataza, badala ya kuwekewa kisawe chake cha kigeni na kuachwa hapo. Istilahi iliyoachwa bila mipaka humhadaa msomaji kimyakimya: huamini ameelewa, kumbe amebeba ngozi ya maziwa akidhani ni ulimwengu.

Kumrahisishia sayansi mwanafunzi wa Busi si lengo la kazi hiyo, kwa maana milinganyo haitapungua ugumu kwa kuelezwa kwa Kiswahili. Lengo ni kwamba akishindwa na swali, ajue kwamba limemshinda swali lenyewe, na akilishinda, awe na maneno ya kulieleza nyumbani.